Mtumishi wa Wote, Mtumishi wa Nani?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 umefunguliwa kwa jina la watu, si kwa jina la serikali zao. Kifungu chake cha 100 kinamkataza mtumishi wa Umoja huo kupokea amri ya serikali yoyote. Katazo hilo ni jema. Lakini wamo maofisa walioligeuza kuwa ngao: kwa kuwa hawamwakilishi yeyote, basi hawana wa kumjibu. Hapo ndipo hoja inapopinda.

Haiti ni shahidi. Oktoba 2010 kipindupindu kilizuka katika bonde la mto Artibonite, baada ya uchafu wa kambi ya walinda amani waliotoka Nepal kuingia katika kijito kinachoumwagia mto huo maji. Watu karibu 10,000 walikufa. Mwaka 2011 waathirika wapatao 5,000 walipeleka madai. Jibu lilikuja Februari 2013: madai hayapokeleki, kwani kuyachunguza kungegusa siasa na sera. Halikusema kuwa ni ya uongo. Neno moja la ofisi likazika kilio cha maelfu.

Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba bila kinga ya kisheria hakuna jeshi la amani litakalothubutu kwenda popote. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Mkataba wa kinga wa mwaka 1946, katika kifungu cha 29, unautaka Umoja uweke njia ya kusuluhisha madai ya kiraia. Kinga na wajibu viliandikwa pamoja. Maofisa wakaikumbatia kinga, wakauacha wajibu. Kuwa huru mbele ya watawala si kuwa kiziwi mbele ya raia.

Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi, akianza kwa Krioli ya Haiti. Wapenzi wa lugha hawawezi kulidharau jambo hilo. Hata hivyo, alikiri kwamba juhudi hazikutosha, si kwamba ugonjwa uliletwa; na mfuko wa dola milioni 400 ulioahidiwa ukaambulia sehemu ndogo tu.

Malenga naye hachaguliwi kwa kura. Lakini akitupiwa fumbo mbele ya hadhara, hana ruhusa ya kusema kuwa halipokeleki. Hulifumbua, au humpisha mwenziwe.