Mchezaji Naye ni Mhakiki: Hoja kuhusu Mapokezi ya Devil May Cry

Utangulizi

Katika kikao kimoja cha kutetea mapendekezo ya tasnifu za uzamili, mwanafunzi alileta mbele yetu wazo la kuchunguza mapokezi ya michezo ya video inayohusu majini na mashetani. Data yake ilikuwa kauli za wachezaji wenyewe: walichopenda, walichochukia, walipokwama, walipoacha kucheza. Pendekezo hilo halikuchukua robo saa kukataliwa. Hoja zilizotolewa dhidi yake zilikuwa tatu: kwamba mchezo si matini, kwamba mchezaji si msomaji, na kwamba kauli kama vile 'ni rahisi mno' au 'mkono hauitikiwi' ni manung'uniko ya mnunuzi, wala si tahakiki. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa walionyamaza. Yanayofuata ni malipo ya deni la kimya hicho.

Hatunuii kudai kwamba kila mchezo wa video ni fasihi. Dai letu ni finyu zaidi na, kwa maoni yetu, ni zito zaidi. Tunashikilia kwamba hisia za wachezaji ni ushahidi wa kifani ambao mhakiki hawezi kuupata kwa njia nyingine, na kwamba kuupuuza ni kuzivunja kanuni ambazo sisi wenyewe huzifundisha kila mwaka katika kozi ya fasihi simulizi. Kwa minajili ya kuithibitisha hoja hii, tutarejelea msururu mmoja tu, yaani Devil May Cry wa kampuni ya Capcom ya Japani, ulioanza mwaka wa 2001 chini ya uelekezi wa Hideki Kamiya.

Majina ya Dante na Mtego wa Mhakiki

Mhakiki aliyezoea kitabu akipewa muhtasari wa msururu huu hukimbilia majina. Mhusika mkuu, mwana wa shetani Sparda na mwanamke wa kibinadamu aitwaye Eva, ni Dante. Pacha wake ni Vergil. Mwanamke anayemfuata Dante katika mchezo wa kwanza ni Trish, jina linalomrejelea Beatrice. Hapo mhakiki hufungua utenzi mkuu wa Dante Alighieri, uliokamilika takriban mwaka wa 1321, na kuanza kulinganisha. Atagundua kwamba katika utenzi huo Virgil ni kiongozi na mwalimu, ilhali katika mchezo ni ndugu na hasimu. Atagundua pia kwamba Cerberus, mbwa wa vichwa vitatu anayewalinda walafi katika duara la tatu la Jehanamu ya Alighieri, anajitokeza katika mchezo wa tatu wa msururu huu, akiwa amefunikwa kwa barafu, kama mlinzi wa mnara. Atajaza kurasa kumi. Yote atakayoyasema yatakuwa kweli, na kazi yenyewe atakuwa hajaigusa.

Tuwasikilize sasa wachezaji wakizungumza juu ya Cerberus huyo huyo. Ni nadra sana kusikia jina la Alighieri. Husimulia idadi ya mara walizokufa. Husimulia jinsi walivyofika kwake wakiwa na mazoea ya kubonyeza kitufe kimoja bila kufikiri, na jinsi mazoea hayo yalivyowaangamiza. Husimulia walivyolazimika kutulia, kumsoma mbwa kwa mwendo wake, kuruka kabla ya kuumwa, kulivunja ganda la barafu na ndipo wakavishambulia vichwa. Kisha husimulia zawadi: mbwa aliyeshindwa huigeuza roho yake kuwa silaha ya vipande vitatu mkononi mwa mshindi.

Hebu tujiulize: ni nani kati ya hawa wawili anayezungumzia maana? Kilichompinga mchezaji kimegeuka kuwa sehemu ya lugha yake ya kutenda. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika mchezo huu methali hiyo imepinduliwa: ni mchezaji anayepaswa kulijua zimwi, na ujuzi huo haupatikani ila kwa kuliwa mara nyingi. Maudhui haya hayamo katika muhtasari wa hadithi. Yamo katika kushindwa kwa mkono, na mwenye habari za mkono ni mwenye mkono.

Shetani Asiyedhuru

Mchezo wa kwanza una kipengele ambacho mwanafunzi yeyote wa arudhi angepaswa kukitambua. Kadiri mchezaji anavyoshambulia, kazi yenyewe humtolea alama za umahiri. Mwenye kurudia pigo moja hapandi haraka. Anayetunga mfuatano wa mapigo mbalimbali bila kupigwa hupanda. Sisi tunaomkosoa mshairi anayelirudia neno lile lile ili kupata kina tuna msamiati tayari wa kulijadili jambo hili. Mchezo unadai utunzi. Mchezaji anayelalamika kwamba hakupata nafasi ya kutunga analalamika kuhusu fani.

Mwaka wa 2003 ilitoka Devil May Cry 2, ambayo Kamiya hakushiriki kuiunda. Malalamiko ya wachezaji yalikuwa mengi na yalifanana: mchezo ni rahisi mno, mashetani husimama tu yakingoja, bastola zatosha kuyaua kutoka mbali, Dante amekuwa bubu. Katika kikao chetu kauli kama hizi ndizo zilizoitwa manung'uniko ya mnunuzi. Tuzitafsiri katika lugha tunayoitumia madarasani. Masimulizi yanatangaza kwamba ulimwengu umo hatarini, ilhali vitendo vinamwambia mtendaji kwamba hakuna hatari yoyote. Fani inayakanusha maudhui. Shetani asiyeweza kudhuru si shetani tena bali ni pambo. Mwandishi wa riwaya akitufanyia hivyo, tunamwandikia tahakiki kali na kuichapisha. Mchezaji akisema vivyo hivyo kwa maneno matatu, twasema hajui kuhakiki.

Itafaa kuongeza kwamba suala hili linagusa kiini cha kazi zote za kimajabu. Zimwi la ngano zetu humtisha mtoto kwa sababu linameza watu. Likinyang'anywa uwezo wa kumeza, ngano hugeuka mzaha. Katika ngano, uwezo huo hutokana na sauti ya fanani. Katika mchezo wa video, hutokana na kanuni za utendaji, na kipimo chake ni mwili wa anayecheza. Kwa hiyo anayesema 'sikuogopa' ametoa hukumu ya kifani kuhusu kazi ya utisho.

Mchezo wa tatu, uliotoka 2005 chini ya Hideaki Itsuno, ulirudi nyuma kwenye ujana wa Dante na kuurejesha ukali. Hapa linajitokeza jambo litakalowavutia wahakiki wa matini. Toleo la Marekani Kaskazini lilifanywa gumu kuliko la Japani: kiwango kilichoitwa cha kawaida huko kililingana na kile ambacho Wajapani walikiita kigumu. Toleo maalumu la mwaka wa 2006 lilirekebisha mizani hiyo, na likamruhusu mchezaji kumtumia Vergil. Maana yake ni kwamba wachezaji wawili waliopingana kuhusu ugumu wa Cerberus huenda wote walisema kweli, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na matini yake. Sisi tunaotumia miaka kulinganisha miswada ya tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, tukihesabu beti zilizozidi hapa na kupungua pale, tuna sababu gani ya kuliona tatizo hili kuwa geni?

Nywele za Dante

Wapinzani wetu watasema, na wana haki ya kusema, kwamba wachezaji pia hupiga kelele zisizo na maana. Mfano upo. Mwaka wa 2010 ilitangazwa kwamba studio ya Uingereza, Ninja Theory, ingeuanza msururu upya. Dante alionekana akiwa na nywele nyeusi badala ya nyeupe, na hasira zikafumka miaka miwili na zaidi kabla ya mchezo wenyewe kutoka mwezi wa Januari 2013. Hukumu juu ya kazi ambayo mtu hajaigusa si tahakiki. Hilo tunalikubali bila masharti.

Hata hivyo, mhakiki makini hachomi ghala kwa ajili ya makapi. Hata hasira ya nywele ina jambo la kutufunza: Hans Robert Jauss alikwisha kutuonyesha tangu 1967 kwamba kazi hupokelewa dhidi ya upeo wa matarajio, na hapa tunauona upeo huo ukipasuka hadharani. Muhimu zaidi, baada ya mchezo kutoka, wachezaji walileta hoja za aina nyingine kabisa. Walisema kwamba baadhi ya mashetani wa rangi nyekundu au buluu walidhurika kwa silaha za kundi moja tu. Walisema kwamba hawakuwa na namna ya kumkazia adui mmoja shabaha. Walisema kwamba picha zilikwenda kwa fremu 30 kwa sekunde, ilhali michezo iliyotangulia iliwazoesha 60. Hoja ya rangi ni hoja ya sarufi: kazi iliyoahidi uhuru wa kutunga inamwamuru mtunzi neno la kutumia. Hoja ya fremu ni hoja ya mizani. Toleo jipya la mwaka wa 2015 lilileta fremu 60 na njia ya kumkazia adui shabaha. Watengenezaji, basi, walisikia kilichosemwa. Wenye shahada za uhakiki ndio tuliosikia nywele peke yake.

Historia yetu wenyewe ingetufunza subira. Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, uliopamba moto baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka 1974, ulijaa kejeli na mazoea yaliyojivika joho la kanuni. Lakini ndani yake mlikuwamo pia masikio yaliyosikia kweli kukosekana kwa kitu, na masikio mengine yaliyosikia kweli kuzaliwa kwa kingine. Hatukuutupa mgogoro ule. Tunautahini.

Hadhira Tuliyoisahau

Kila mwaka tunawaambia wanafunzi wetu kwamba utanzu simulizi hauishi katika maandishi. Tunawaambia kwamba 'Paukwa!' bila 'Pakawa!' si mwanzo wa ngano. Tunawakosoa wanapochambua ngano iliyonukuliwa kana kwamba haikuwa na fanani wala hadhira. Kisha kazi ambayo haisongi mbele hata hatua moja pasi na jibu la mshiriki inapoletwa mbele yetu, tunadai tupewe muhtasari wa hadithi, na muhtasari ukionekana hafifu twatangaza kwamba kazi ni hafifu. Espen Aarseth alikwisha kuonya mwaka wa 1997 kwamba zipo matini zinazodai juhudi halisi ya mshiriki ili zipitike. Mchezaji ni hadhira, na kwa kiasi fulani ni fanani. Kumnyima sauti ni kuchambua onyesho ukumbi ukiwa mtupu.

Ipo hoja ya mwisho, kwamba michezo hii ni bidhaa na wachezaji ni wateja. Riwaya za Charles Dickens ziliuzwa kwa vipande kwa wasomaji waliolipa, na hakuna idara iliyozifukuza kwa kosa hilo. Biashara ni suala la kuchunguzwa, si kisingizio cha kutochunguza.

Hatusemi kwamba kila kauli ya mchezaji ichukuliwe kama ilivyo. Mtafiti hana budi kuzichuja. Mosi, abainishe toleo lililochezwa. Pili, abainishe kiwango cha ugumu. Tatu, aulize mchezaji alifika wapi, kwani aliyeachia njiani katika mchezo wa nne, uliotoka 2008, hajui kwamba nusu ya pili humrudisha mtu katika maeneo yale yale kwa mwelekeo wa kinyume, jambo ambalo wengi wa waliomaliza walilishutumu. Nne, na hili ndilo kubwa, aulize mkono ulifanya nini kabla ya kuuliza moyo ulihisi nini. Hisia isiyoambatana na tendo ni porojo; iliyoambatana na tendo ni data.

Hitimisho

Katika miji yetu mna vyumba ambako vijana hulipa ili wacheze. Mara nyingi wanachocheza ni kandanda, si mashetani. Lakini anayesubiri zamu yake humhakiki aliyeshika kidhibiti, kwa Kiswahili na kwa Sheng, kwa msamiati wa wakati, nafasi, udanganyifu na haki. Msamiati huo wa kihakiki unazaliwa katika lugha ambayo idara zetu zimepewa jukumu la kuitafiti, na unapotea jioni ile ile kwa kuwa tumewakataza wanafunzi wetu kuurekodi.

Mwanafunzi yule aliandika tasnifu nyingine, kuhusu usawiri wa wahusika katika riwaya teule. Ni kazi safi, na alifuzu. Imo maktabani pamoja na nyingine kadhaa zenye mada iyo hiyo. Pendekezo lake la kwanza halimo popote. Vikao vya mapendekezo vitaendelea kuitishwa kila mwaka, na wazo la aina ile litaletwa tena na mtu mwingine. Likiletwa, mwandishi wa makala haya hatanyamaza, na anawaalika wenzake wanaopinga waje na hoja zilizo bora kuliko zile tatu.