Kazi za Watawa na Kiburi cha Wajuzi

Wako wajuzi wa sanaa ambao, wawekewapo mbele yao picha ya kale, huuliza kwanza jina la mchoraji. Wasipolipata, huisukuma kando kana kwamba ni yatima. Kwa desturi hiyo michoro ya masista wa Enzi za Kati iliitwa Ujerumani Nonnenarbeiten, yaani kazi za watawa. Wala jina hilo halikuwa la sifa.

Jeffrey Hamburger, mwanahistoria wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Harvard, ametumia miaka mingi kuibomoa dharau hiyo. Mwaka 1990 alitoa kitabu juu ya Rothschild Canticles, kijitabu cha ibada cha yapata mwaka 1300, kidogo cha kushikwa kiganjani. Mwaka 1997 akatoa Nuns as Artists, kinachohusu michoro michache iliyofanywa yapata mwaka 1500 na masista wa Mtakatifu Benedikto katika monasteri ya Mtakatifu Walburga, mjini Eichstätt, Bavaria.

Na utazamwe mmoja wa michoro hiyo. Moyo umefanywa nyumba. Una ngazi na mlango, na ndani yake mtawa yupo pamoja na Mungu. Mistari ni mizito na vimo havilingani. Mjuzi mwenye haraka ataona hapo mkono usiofundwa, naye atafunga kitabu. Hamburger auliza jambo jingine: picha hii ilimfaa nini yule aliyesali mbele yake? Mwaka 1298 Papa Bonifasi wa Nane aliamuru watawa wa kike wakae ndani ya kuta zao. Aliyefungiwa hivyo hakwenda kuhiji, wala hakujifunza kazi katika karakana za wachoraji wa mjini. Basi nyumba ile iliyo ndani ya moyo haikuchorwa kwa ujinga. Mtawa alikitwaa kifungo chake akakifanya makao ya Mungu.

Wapinzani husema kwamba kwa njia hii kila mkwaruzo utaitwa sanaa. Hoja hiyo haisimami. Hakuna adaiye kwamba sista wa Eichstätt alikuwa stadi sawa na Dürer, aliyefanya kazi Nuremberg siku zile zile. Linalokataliwa ni kuufanya ustadi wa Dürer uwe kipimo cha pekee. Jembe halilaumiwi kwa kutonyoa ndevu.

Mwaka 2005 kazi za monasteri za wanawake zilikusanywa katika maonyesho makubwa huko Essen na Bonn, na watu wakaziona. Lakini kipimo cha zamani kingali vichwani mwa wengi. Kwa kipimo hicho wanawake wale walifungiwa mara mbili: kwanza kwa ukuta wa mawe, kisha kwa kalamu ya mtaalamu. Ukuta uliwekwa na Kanisa kwa sababu lilizozitaja. Mtaalamu ana sababu gani?