Rudisheni Thamostati za Watu

Ukiniambia hita ya gari yako "haishiki sana, lakini si Kenya ni joto," najua vitu viwili juu yako. Kwanza, hujawahi kupita Kinale mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri. Pili, kuna uwezekano mkubwa kwamba fundi fulani alifungua injini yako, akatoa kitu, akakitupa, halafu ukamlipa kwa hiyo kazi.

Hicho kitu kinaitwa thamostati. Na leo nina hasira nacho kidogo, mnivumilie.

Mimi naendesha Toyota Corolla ya 1999, ile watu wanaita 110. Ilikuwa ya babangu. July mwaka jana nilienda Njabini kumchukua shosho, alikuwa na kliniki Nairobi asubuhi. Ndani tulikuwa watu watatu, mimi, shosho na binamu yangu nyuma. Madirisha yamefungwa, nje baridi ile inaingia mpaka kwa mfupa. Pumzi za watu watatu zinatosha kabisa kuziba kioo cha mbele. Nikafungua hita mpaka mwisho, feni namba nne. Ikaniletea upepo wa friji. Napangusa kioo na mkono wa sweta, kabla hatujamaliza kona kimerudi kuwa cheupe.

Tulipopita Flyover na kuanza kuingia Kinale, sasa niko na ukungu nje na mvuke ndani. Lori lilikuwa limekwama, nusu pembeni, nusu bado kwa lami, taa hata moja haiwaki. Niliona matope ya nyuma yake kabla nijue ni lori. Nilikwepa, sijui vipi. Shosho hakupiga nduru. Aliuliza tu, polepole, "Mami, kwani wewe unaona barabara?"

Sikuwa naona.

Kwa hivyo mtu akiniambia hita ni anasa ya watu wa Limuru wenye makoti marefu, siwezi cheka. Hita ndiyo inakausha kioo. Na kwa gari kuukuu hita ni kama ulimi kwa daktari: inakuonyesha hali ya mfumo mzima wa kupoza injini, hata kama wewe hupendi joto.

Ngojeni nieleze, na msiogope. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, fizikia yangu ni ya fomu four, na inatosha. Injini inachoma petroli na inatoa joto jingi. Maji yanazunguka ndani yake yakibeba hilo joto hadi kwa rejeta pale mbele, yanapozwa na upepo, yanarudi. Hita yako haina moto wake. Ni rejeta nyingine ndogo imejificha nyuma ya dashibodi. Maji yale yale moto yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa juu yake, hewa inakuja kwako ikiwa moto. Maji yakiwa vuguvugu, utapuliziwa vuguvugu. Hakuna uchawi.

Thamostati ndiyo mlinzi wa geti. Injini ikiwa baridi, inafunga njia ya kwenda rejeta kubwa ili maji yapate moto haraka. Yakifika kama nyuzi 82 hivi, inaanza kufunguka. Angalia vizuri hapo: inapima maji ya injini. Haipimi hali ya hewa ya Nairobi, wala ya Mombasa, wala ya Ujerumani. Injini iliyotengenezwa ifanye kazi kwa nyuzi 80 na kitu inazitaka hizo nyuzi hata ukiiendesha Lodwar.

Sasa kumbuka gari yangu ilikuwa imechemka miezi kadhaa kabla ya hiyo safari. Nikaipeleka kwa fundi. Alifungua, akatoa hako kachuma, akakashika na vidole viwili kama kitu kimeoza. "Siste, hii ni ya Ulaya. Huku kwetu joto ni mingi. Tunaitoa, gari ipumue." Nikaona ni kweli gari haichemki tena. Nikamshukuru. Nikamwongezea hata ya soda, wasee!

Kile hakuniambia ni kwamba geti likikaa wazi siku yote, ukiwa kwa haraka barabarani upepo unapoza maji mpaka hayapati moto kabisa. Injini inabaki baridi. Kompyuta yake inadhani ndiyo inaamka, inazidi kuimwagia petroli. Oili haifiki joto la kukausha unyevu, inaanza kuwa nzito na chafu. Na ile sababu iliyofanya gari ichemke mara ya kwanza bado iko pale. Kwangu ilikuwa kifuniko cha rejeta, mpira wake umekauka, hakishiki presha tena. Hapa Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji kwa sufuria wazi yanachemka karibu nyuzi 94, sio 100. Presha ya kifuniko ndiyo inayasaidia yasichemke mapema ndani ya injini. Kifuniko kimekufa, na fundi anatoa thamostati. Ni kama mtoto ana homa halafu unatupa kipimajoto.

Huu msemo wa "huku ni joto" ndio unaniudhi zaidi ya kazi yenyewe. Tuliambiwa Afrika ni jua na vumbi mpaka sisi wenyewe tukaamini, na tunaishi juu ya milima yenye barafu ya asubuhi. Uliza mkulima wa viazi wa Kinangop kama huku ni joto.

Haya, utajuaje shida yako ni gani? Anza na injini ikiwa baridi kabisa. Nasema baridi: kifuniko cha rejeta ukikifungua ikiwa moto, maji yatakurukia usoni. Angalia kama maji yamejaa. Yakiwa chini, hita ndiyo inakufa kwanza, kwa sababu mara nyingi imekaa juu na hewa inakimbilia huko.

Kisha endesha na usikilize tabia yake. Kama inapasha joto ukiwa kwa jam lakini ukishika Waiyaki Way na mwendo inageuka baridi, na geji ya joto inashuka, hiyo ni thamostati. Imetolewa au imekwama wazi. Kama ni kinyume, unapata joto ukikanyaga mafuta na linapotea ukisimama kwa taa, shuku maji kidogo, hewa iliyonaswa ndani, au pampu ya maji iliyochoka.

Geji ikiwa sawa na bado unapulizwa baridi, fungua boneti injini ikishapata moto. Tafuta mipira miwili midogo inayoingia kwa ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu yako. Iguse kwa uangalifu, na uweke mikono mbali na feni na mkanda. Yote miwili moto? Maji yanafika, tafuta shida kwa kile kifuniko cha ndani kinachogeuza hewa, au kebo yake imechomoka. Mmoja moto na mwingine baridi? Rejeta ndogo imeziba, au ile valvu ya maji ya hita haifunguki. Na ukikuta hiyo mipira haiingii popote, imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe kama nyoka anayejiuma mkia, basi rejeta ya hita ilivuja zamani na mwenye gari wa kwanza akaamua asikwambie.

Kuziba kunatoka kwa maji ya mfereji. Tunajaza maji ya bomba miaka kumi, chuma kinashika kutu, kutu inasafiri na kutulia kwa vile vijitundu vidogo vya hita. Kulanti sio maji ya rangi, kazi yake ni kuzuia hiyo kutu.

Mimi nilinunua thamostati Kirinyaga Road, na gasketi yake, na kifuniko kipya. Jumla haikufika elfu tatu. Nikachomoa ile mipira miwili, nikasukuma maji safi na mpira wa bustani kwa upande wa kutokea, presha kidogo tu kwa sababu hiyo rejeta ni mzee. Kitu kilichotoka kilikuwa rangi ya chai ya kibanda. Nikarudia pande zote mbili mpaka maji yakawa meupe. Thamostati ikaingia, kale kavalvu kadogo kake kakiangalia juu ili hewa ipite. Kulanti nusu, maji safi nusu. Nikapaki gari ikiangalia mlima, hita imefunguliwa mwisho, kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, nikaiacha ingurume huku hewa inatoka na mimi naongeza. Ilichukua jumamosi moja. Mapovu yakikataa kuisha, au oili yako imekuwa kama chai ya maziwa, simama hapo, hiyo ni hedi gasketi na sio kazi ya kujifundisha na simu. Ukinusa kitu kitamu ndani ya gari na zulia la abiria limelowa, rejeta ya hita inavuja, nayo inataka kubadilishwa na dashibodi kushuka. Hapo tafuta fundi na ujiandae na doo.

Nitakuwa mkweli kwa mafundi pia. Mteja anakuja na soo tano, anataka gari leo jioni, hataki kusikia habari za kifuniko na kusafisha mfumo. Kutoa thamostati kunachukua dakika kumi na gari inaondoka ikitembea. Sisi ndio tunanunua hiyo dakika kumi. Lakini akishaitoa, aniambie ukweli: "Nimetoa kwa muda, rudi tuweke nyingine." Asinifundishe jiografia ya uongo.

Kwa hivyo uliza swali moja ukienda kwa garage: thamostati yangu iko? Akisema haina kazi, lipa ulichofanyiwa na uende kwa mwingine.

Nilimpeleka shosho kliniki tena mwezi uliopita. Kinale ukungu ulikuwa ule ule, kioo kilikuwa kikavu. Tukifika Limuru akaniambia nipunguze hiyo kitu, inamchoma miguu.