Mama, Mwanao Kiziwi Anakusubiri Umsemeshe



Mfikirie mama wa Kibondo au Kasulu anayekwenda shamba la maharage asubuhi, mtoto wa miaka miwili yuko mgongoni. Mtoto anayesikia huimbiwa na kusemeshwa njia nzima. Lakini mtoto kiziwi akiwa mgongoni haoni uso wala mikono ya mama yake. Kwake safari yote ni kimya.

Wazazi wengi husema, "Tungoje shule." Ni kweli, shule zipo. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, ikiwa ya kwanza nchini. Huko Kasulu, shule ya msingi ya Kabanga imepokea watoto wenye ulemavu mbalimbali. Lakini mtoto hujifunza lugha kwa wepesi zaidi katika miaka yake ya kwanza, kabla hajafikia umri wa shule. Akikaa miaka hiyo bila lugha yoyote, atafika darasani hajui hata kuuliza, "Kwa nini?"

Basi tuanze nyumbani.

Mkifika shambani, mshushe. Mguse begani taratibu, kisha chuchumaa mbele yake hadi macho yenu yakutane.

Chagua ishara moja kwa kila kitu cha kila siku: maji, uji, moto, kulala. Ionyeshe kabla ya kumpa kikombe, siku zote ile ile. Baba, bibi na ndugu zake nao waitumie, ili mtoto asiwe mgeni nyumbani kwao wakati wewe haupo.

Usimpe amri tu za "njoo", "acha", "kula". Unapokwenda sokoni, mwonyeshe uendako na kwamba utarudi. Usipofanya hivyo, yeye huona tu kwamba mama ametoweka.

Usiku, zungumza naye kabla ya kuzima taa, kwa maana gizani mikono haionekani. Taa ikizimika, mshike mkono ajue upo.

Mpeleke hospitali mapema masikio yapimwe, hasa baada ya surua, homa ya uti wa mgongo au masikio kutoka usaha. Ukimpata mtu mzima kiziwi anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, mkaribishe nyumbani awafundishe.

Na majirani wakimwita mwanao bubu, wasahihishe kwa upole. Mtoto huyu ana mengi ya kusema. Anangoja sisi tumpe maneno.