Subira ya Mhandisi

Wazazi wenzetu wa Voi, tangu mwaka 2016 Taita Taveta ina chuo kikuu kamili, na uhandisi wafundishwa humo. Lakini binti akihitimu na kuomba aendelee na utafiti, twamhimiza: "Tafuta mshahara!"

Natuzingatie habari za mhandisi Mwingereza, Francis Bacon. Katika miaka ya 1930 alianza kutafiti seli za fueli, ambazo huunganisha haidrojeni na oksijeni zikatoa umeme na maji, pasipo moshi. Mwaka 1959 ndipo alipoonyesha mtambo wa kilowati 5. Mwaka 1969, seli zilizotokana na kazi yake ziliwapa wanaanga wa Apollo 11 umeme na maji ya kunywa.

Mvumilivu hula mbivu. Basi nasi wazazi tumvumilie binti anayetafiti.