Mguu ukivimba Ijumaa jioni
Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukiwa moto na unauma, wengi wetu tunasema ni kuteguka. Tunachua na dawa, maisha yanaendelea. Lakini wakati mwingine ni damu imeganda kwenye mshipa mkubwa. Bonge hilo likikatika na kupanda hadi kwenye mapafu, msee anaweza kufa siku hiyohiyo.

Kulipata si uchawi. Mhudumu anaweka kifaa cha altrasaundi kwenye kinena, kisha nyuma ya goti, na kubonyeza. Mshipa ulio sawa unalala bapa. Wenye bonge unagoma. Anayejua kazi anamaliza kwa dakika chache, mgonjwa akiwa kitandani.

Shida ni kwamba katika hospitali nyingi hiyo bado ni kazi ya idara ya eksirei, tena mtaalamu akiwepo. Ijumaa jioni unaweza kuambiwa urudi Jumatatu, au uende ya kibinafsi ujilipie.

Na vifaa si eti havipo. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani, Butterfly Network, kwa ufadhili wa wakfu wa Gates, ilianza kuleta vifaa vya altrasaundi vinavyochomekwa kwenye simu, 500 vikiwa vya wahudumu wa Kenya. Lengo lilikuwa wajawazito. Poa sana. Lakini mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda, na wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo mbaya zaidi. Mama ni yuleyule, kifaa ni kilekile. Kwani mkunga akifunzwa kubonyeza sehemu hizo mbili, nani ataumia?

Wataalamu wa eksirei wana hoja, na si wivu tu. Uchunguzi huu wa haraka hauangalii mishipa ya chini ya goti. Dalili zikiwepo na picha haionyeshi kitu, lazima urudiwe baada ya wiki hivi. Mtu wa mafunzo ya wikendi moja akikuambia uko sawa na akuachilie, hapo kuna noma. Kwa hivyo ubishi wa maana ni nani atasimamia mafunzo.

Halafu kuna dawa. Ukipatikana na bonge na hospitali haina heparini, umepewa habari mbaya tu. Kaunti ndizo zinanunua dawa na kuajiri wakunga. Kikao cha bajeti kikifika wadi yako, uliza dawa hiyo ipo na ni nani amefunzwa.