Kujitolea Si Kujitwalia

Yapo maneno mawili ambayo sharti tuyatenganishe. Neno kujitolea limetokana na kitenzi toa. Tukikitia kauli ya kutendea twapata tolea, na kiambishi -ji- kikitangulia, mtenda huwa anaitoa nafsi yake kwa ajili ya mwingine. Neno kujitwalia limeundwa vivyo hivyo kutokana na twaa, lakini maana yake ni kinyume: ni kuchukua kwa manufaa ya nafsi. Nasema wazi kwamba wapo waendao katika hospitali za kuokoa wanyama kujitwalia, wakajiita wenye kujitolea. Nasi raia, ambao kazi hiyo ni yetu, tumekaa kando tukitazama.

Tuanze na kujitwalia. Mwaka 1998, sokwe 19 yatima walipelekwa katika kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria, nchini Uganda, wapate makao salama. Sokwe ni jamaa wa karibu mno wa binadamu, hata mafua yetu yaweza kumwua. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale, kirusi kinachotuletea sisi mafua ya kawaida kiliua sokwe watano wa kundi moja. Basi ni mapenzi gani hayo ya kutaka kumkumbatia sokwe mchanga ili mtu apigwe picha? Picha yamfaa mwenye kupigwa; pumzi yake yamhatarisha mgonjwa. Tena atakayeiona picha hiyo atatamani kufuga sokwe nyumbani, na tamaa hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za kuwako mayatima.

Kazi yenyewe haina fahari. Ni kuosha vizimba, kukata matunda, kufua mablanketi, kupima maziwa usiku wa manane na kuandika katika daftari dawa aliyopewa kila mgonjwa. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mnyama anayetarajiwa kurudi porini hapaswi kuzoeshwa watu. Kwa hiyo msaidizi bora ni yule ambaye mnyama huyo hatamkumbuka.

Wako watakaouliza: watu wanakosa dawa, iweje tuwauguze mbwa? Nawajibu kwa ugonjwa mmoja. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, maambukizi hukatika. Kijana amshikaye mbwa ili daktari amchanje, naye mwenyewe akiwa amekwisha kuchanjwa, anamlinda mtoto wa jirani. Atakayetenganisha huruma hizi mbili na atuonyeshe mpaka wake.

Wengine husema kwamba hiyo ni kazi ya wageni wenye fedha. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yahesabu miongoni mwa wajibu wa raia kuchangia ustawi wa jamii anamoishi na kuyalinda mazingira yawe safi na yenye afya. Haikusema mgeni; imesema raia. Mgeni hukaa majuma mawili akaenda zake. Kijana wa kijijini ndiye ajuaye ni wapi hutegwa waya wa kunasa paa, waya ule ule unaomkata sokwe mkono, na ndiye awezaye kusema na mtegaji kwa lugha yake. Kituo kinachotoza ada ambayo mgeni peke yake aweza kuilipa, kisimwachie mwanafunzi wa jirani hata nafasi moja, kinafukuza msaada wake ulio bora.

Kwa hiyo, kabla hujaomba nafasi, uliza mambo matatu. Je, yupo daktari wa wanyama anayesimamia? Je, wageni huruhusiwa kuwabeba wagonjwa? Je, mnyama akipona huenda wapi? Ukikuta mahali wanapokupa mtoto wa mnyama mkononi siku ya kwanza, ondoka. Ukikuta mahali wanapokupa ufagio, kaa ufanye kazi.